Senene wa Mwalimu Joackim

Jumatatu, 11 Novemba 2024. Muleba.

Joackim kaiba tena! Nimepita dirishani mwa Darasa la Tatu B nikasikia mfano wangu wa mibuni ya Kanazi, neno kwa neno. Bado kukohoa tu kama mimi. Tangu tuletewe laptopu za darasani, mwalimu mkuu ameamuru maandalio yote ya somo yawekwe kwenye folda moja, kila mtu achukue. Kila mtu achukue! Mimi naumiza kichwa, yeye anafungua, anafundisha, anasifiwa. Na mwalimu wa taaluma anateuliwa wiki hii, mthibiti ubora wa shule akishapita kutukagua. Nafasi hiyo ni yangu. Naisubiri tangu nihamishwe kutoka Bukoba.

Jumanne, 12 Novemba

Dawa yake nimeipata. Nimeandika andalio la Sayansi: sehemu za mwili wa mdudu. Zana: senene hai. Kila mtoto aje na mfuko wake, wafungue wote kwa pamoja. Mbele ya mthibiti! Watoto watapanda madawati, senene watatua kwenye miwani ya mgeni. Nami si mjinga. Kwenye jina la mwalimu nimeandika Joackim. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka Mwalimu Dativa akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 13 Novemba

Joackim kaja kunishukuru. Eti nimemrahisishia kazi, hata jina nimemjazia. Hana haya! Ameshawaambia watoto walete senene, na msimu wenyewe ndio huu.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Annastella. Nikamnong'oneza kwamba Joackim ana andalio la hatari na mimi sihusiki. Nikarudia: sihusiki kabisa. Akafungua laptopu, akaona jina, akatikisa kichwa. Safi!

Alhamisi, 14 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mthibiti, Mzee Bashiri, alikaa nyuma ya darasa na mwalimu mkuu, laptopu mapajani mwa mwalimu mkuu. Mimi dirishani. Mifuko ikafunguliwa. Hakuna aliyeruka! Watoto wa Kihaya hawa! Mpe mtoto wa huku senene, anakaa chini ananyonyoa, tayari kwa kikaango. Bibi yake kamfundisha kabla hajajua kusoma. Darasa likatulia kama kanisa. Mabawa huku, miguu kule. Joackim kazi yake ilikuwa kuuliza tu: hii nini, na hii je? Darasa zima linajibu.

Mzee Bashiri akapiga makofi, akauliza nani kabuni somo hili. Joackim, mnafiki mkubwa, akasema ukweli! Kwamba ni kazi ya Mwalimu Avit. Nikaitikia kutoka dirishani kwamba ndiyo, ni mimi. Mwalimu mkuu akanigeukia: si jana nilisema sihusiki? Akaonyesha jina kwenye laptopu. Mzee Bashiri akasema ni nadra kukutana na mwalimu mnyenyekevu kama Joackim. Mnyenyekevu! Kisha akaondoka na senene walionyonyolewa, ndani ya bahasha ya ofisi.

Ijumaa, 15 Novemba

Joackim ndiye mwalimu wa taaluma. Tumepewa soda tumpongeze. Yangu nimeiacha mezani. Eti sasa yeye ndiye atakayekagua maandalio yangu. Yangu! Anayoyaiba!

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani sikumpa mkono wa amani. Nilijifanya natafuta rozari.

Ila nimeamka na akili mpya. Somo la kesho: wadudu wenye faida. Nimeandika andalio, jina Joackim kama kawaida. Zana: mzinga wenye nyuki, ufunguliwe mbele ya darasa. Tuone kama hao nao watoto watawanyonyoa!

Jioni kanipigia simu. Kasema andalio ni zuri ajabu, na mzinga keshaupata kwa shemeji yake Kemondo. Ila hawezi kufundisha huku ameushika. Akaniomba, kaka yangu Avit, niingie darasani nimshikie mzinga.

Nimekubali hapo hapo. Safari hii sichungulii dirishani. Nataka nisimame karibu kabisa nimwone anavyoaibika.