Fomu ya Kupenda Kuandika

Wazazi, wavuvi, wachimba dhahabu na umma kwa jumla mnaarifiwa kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa tano, kila mwanafunzi kutoka Mfangano hadi Osiri anapenda kuandika. Jambo hilo liliamuliwa kikaoni, soda zikanywewa, kumbukumbu zikatiwa sahihi. Kilichobaki kilikuwa utekelezaji tu, nao alikabidhiwa Bwana Jeremiah Nyamongo, Mratibu wa Mapenzi ya Uandishi, Kanda ya Migori na Homa Bay, ofisi nambari tatu, Rangwe, mkabala na wauza ndizi.

Nyamongo hakuwa mtu wa mzaha. Miaka mitano nyuma alitunga kijitabu kiitwacho Mianzo Arobaini Iliyoidhinishwa, baada ya kugundua kwamba watoto walikuwa wakianza insha ovyo, kila mmoja kivyake, jambo lililowachosha sana wasahihishaji. Tangu hapo mambo yalinyooka. Mwanafunzi akiambiwa amwandikie chifu barua kuhusu bomba lililopasuka, alianza kwa Mwanzo wa Kumi na Saba: jua lilikuwa limechomoza, ndege wakitumbuiza mitini, nayo mawingu yakitabasamu. Bomba lilijitokeza ukurasa wa pili, kama nafasi ilibaki. Mkurugenzi wa kanda, Madam Beverlyne, alikipenda kijitabu hicho hata akakiandikia dibaji, na picha yake ikawekwa ukurasa wa kwanza.

Sasa ilikuja fomu. Iliuliza swali moja: Je, unapenda kuandika? Chini yake palikuwa na visanduku vitatu: Sana. Sana mno. Kupita kiasi. Kisha nafasi ya kuyaeleza mapenzi hayo kwa insha fupi. Fomu zilitawanywa, zikarudi, za Mfangano zikinuka dagaa wa omena, na Nyamongo akazihesabu akiwa na furaha isiyo kifani. Asilimia mia ingempeleka makao makuu Nairobi, kwenye ofisi yenye zulia.

Elfu nne mia nane na kumi na moja zilipenda. Moja ilikuwa imeharibiwa. Kezia Werema, Gredi ya Nane, shule moja nje kidogo ya Osiri, alikuwa amechora kisanduku cha nne, akakitia alama, akaandika pembeni: "Nilikuwa napenda."

"Amechora kwa rula!" Nyamongo alimlalamikia karani wake, Ombati. "Huyu alikusudia."

"Si tuipoteze tu, bosi?"

"Imeshapigwa muhuri, Ombati. Kitu kikishapigwa muhuri, kimetokea."

Madam Beverlyne alikuwa anakuja Ijumaa kutangaza matokeo hadharani, na hiyo ilikuwa Jumatano. Nyamongo alidandia pikipiki hadi Osiri, akafika amepakwa vumbi la mawe yanayosagwa kutafutwa dhahabu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Obare, alimpisha ofisini, akamwita msichana, kisha akakumbuka ana shughuli ya dharura kwenye choo cha Gredi ya Kwanza.

Kezia aliingia, akasimama karibu na mlango.

"Kezia," Nyamongo alianza, "serikali imesikitika."

"Pole, sir."

"Tunaweza kurekebisha. Kanuni inasema fomu ikiharibika, mwanafunzi aandike maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Ukurasa mmoja tu, ueleze vile umerudi kupenda."

"Nianze na mwanzo namba ngapi?"

"Maelezo hayana namba," Nyamongo alisema, akashtuka kujisikia akisema hivyo.

Kezia aliitazama kalamu nyekundu mfukoni mwa shati la Nyamongo. "Utasahihisha?"

"Lazima. Maandishi yasiyosahihishwa ni uvumi."

"Basi siandiki, sir. Nitume tu nyumbani nilete mzazi."

Nyamongo alifuta jasho. Aliliona zulia likikunjwa. Akaitoa ile kalamu, akaiweka mezani, na Kezia akaichukua na kuichomeka ndani ya soksi bila haraka. Kisha akaketi. Ukurasa ukajaa. Wa pili ukajaa. Kengele ya chakula ililia, wenzake wakakimbilia githeri, yeye hakuinua kichwa. Alipomaliza zilikuwa kurasa sita, na hakuna hata moja iliyoeleza vile alivyorudi kupenda.

Aliandika kwamba alipokuwa Gredi ya Nne mvua ilibomoa shimo la dhahabu, baba yake na watu wawili wakiwa chini. Mama alisimama na sufuria ya uji wa wachimbaji, na hakuna aliyekunywa. Mtu mmoja alikuwa anakunja kamba, anaikunjua, anaikunja tena. Jumatatu iliyofuata mwalimu aliwapa insha, Siku Ambayo Sitaisahau. Aliandika yote, mkono ukamuuma na kifua kikawa chepesi, akaona kumbe mtu anaweza kulitua jambo kwenye karatasi kama mtungi. Akaamua kwamba maishani ataandika kila kitu.

"Ilirudi na tatu kwa arobaini," ukurasa wa sita ulisema. "Mwalimu ameandika na nyekundu: Jua liko wapi? Ndege wako wapi? Rejelea kijitabu. Nikafungua kijitabu nione ni nani anajua siku yangu kuliko mimi. Ni J. Nyamongo. Na mbele kuna picha ya madam anacheka. Tangu hapo naandika jua. Naweza kuandika jua vizuri sana. Sijaandika kitu kingine."

Nyamongo aliona haya. Aliona haya hadi masikioni, na kwa kuwa fomu haikuwa na kisanduku cha haya, alikaa nayo tu. Kisha akazipiga kurasa zote sita muhuri.

Ijumaa ukumbi wa Rangwe ulifurika. Madam Beverlyne alitangaza mafanikio ya kihistoria, akachomoa insha moja kwenye faili ili kuwaonjesha wageni. "Jua lilikuwa limechomoza," alisoma, na watoto mia tatu wakaitikia kwa pamoja, "ndege wakitumbuiza mitini!" Madam alicheka kidogo, akachomoa nyingine, ya Mfangano. Jua likachomoza tena, na safari hii hata dereva wake alijua maneno. Kwenye ya tatu, kwaya ya Waadventista iliyoalikwa kutumbuiza iliongeza sauti ya pili.

"Bwana Nyamongo," Madam alinong'ona, jasho likimtoka, "hakuna nyingine?"

Nyamongo angeweza kusema hakuna. Alisema, "Ipo moja, Madam. Haijasahihishwa." Akamkabidhi, na moyoni akaliaga zulia.

Madam alisoma. Hapa hakuna aliyejua maneno. Alipofika kwenye uji ambao haukunywewa, mama mmoja nyuma alishindwa kujizuia. "Yawa! Na akatoka?"

Zablon Werema alisimama, kofia mkononi. "Nilitoka, mama. Ni mimi huyu."

Watu walipiga makofi na vigelegele. "Kaa basi, Baba Kezia, tusikie!" Madam, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikilizwa hivyo, aliendelea kwa sauti nzito na madaha hadi ukurasa wa sita. "'Na mbele kuna picha ya madam ana...'"

Akakoma.

"Soma tu, Madam," yule mama alimhimiza. "Ulikuwa unasoma vizuri."

"'...anacheka,'" Madam alisoma, polepole, hadi mwisho, pamoja na fomu iliyobanwa nyuma, yenye kisanduku cha nne.

Mkono mmoja uliinuliwa, wa msichana wa Rangwe. "Madam, naomba ile fomu yangu. Nilisahau kuchora." Kisha mikono kumi, kisha foleni, na rula zikaazimwa hadi kanisa la Katoliki. Kufikia Jumanne, kiwango cha mapenzi ya uandishi katika kanda nzima kilikuwa asilimia sifuri. Na kwa kuwa kila fomu iliyoharibiwa hudai maelezo, watoto walikaa kueleza kwa nini hawapendi kuandika. Waliandika wakati wa michezo. Waliandika wakichunga. Karatasi ziliisha madukani Migori na Homa Bay, wakahamia migongoni mwa kurasa za Mianzo Arobaini. Kezia alifika ukurasa wa thelathini na moja na akamwambia mama yake asimsemeshe.

Kanuni, ambayo Madam Beverlyne aliitunga mwenyewe, inataka kila maelezo yajibiwe na mkurugenzi, kwa mkono wake na kwa maneno yake mwenyewe. Alikaa mezani Jumatano asubuhi. Saa nane mchana akamtuma Nyamongo Osiri.

"Madam anauliza," Nyamongo alisema, akiwa amesimama karibu na mlango wa darasa, "mtu anaanzaje?"

Kezia hakuinua kichwa. "Mwambie aanze na kile kitu anaogopa kusema."

Nyamongo aliyaandika hayo, akayapiga muhuri, akayafikisha. Madam aliyasoma mara mbili, akamwomba afunge mlango akitoka. Hadi tunapotoa taarifa hii ni siku ya tisa. Chakula anapitishiwa dirishani, na karatasi bado zinatoka nyeupe.