Mawingu Mekundu ya Shangazi Tokie

Jumatatu, 5 Agosti
Shangazi Tokie, shangazi wa mke wangu, kaniletea picha aliyoiacha marehemu baba yake. Mlima, daraja, mawingu mekundu ya alfajiri, vyote vimechapwa kwa vibao vya mbao zama za mababu. Mzee aliinunua kwa mchuuzi wa njiani, na ukoo mzima ukamcheka hadi kaburini kwamba katapeliwa. Jumapili mthamini wa sanaa kutoka Tokyo anakuja ukumbi wa mtaa. Shangazi ni bibi kizee sasa, anataka kuusikia ukweli kabla hajafa. Kanikabidhi mimi, mwenye akili katika familia. Hatimaye mtu kaliona hilo!

Jumanne, 6 Agosti
Nimepita kwa Kuwabara, kinyozi. Naye ana picha, imepauka kama shuka la hospitali, na wateja wanaisujudia. Kaniambia, kwa ule unyenyekevu wake wa kuudhi, kwamba uzee haufichiki. Nimerudi mbio kuitazama yetu. Inang'aa! Miaka yote ililala gizani sandukuni. Nani ataamini ni ya kale? Lazima isaidiwe.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeianika roshani kwa vibanio viwili, katikati ya soksi zangu. Mke wangu, Yasuyo, kauliza kama Shangazi anajua. Nimemwambia mambo ya sanaa ayaachie wenyewe.

Ijumaa, 9 Agosti
Jua halina mchezo. Mawingu yamepauka, raha tupu. Nimeinyunyizia na chai kidogo. Anga imechuruzika. Huo sasa ndio uzee! Kuwabara atakoma.

Jumapili, 11 Agosti
Ukumbi ulifurika. Picha ya Kuwabara, kumbe nakala ya juzijuzi! Nilicheka kwa sauti, peke yangu.

Ikaja zamu yetu. Mthamini, Bwana Nagamine, aliiinamia kitambo kirefu. Akasema ni halisi, tena ya toleo la kwanza, kwani mistari ya ubao, ambayo hupotea ubao ukichakaa, bado inaonekana angani. Shangazi akajifunika uso kwa leso. Kisha mthamini akagusa alama mbili juu mawinguni, ndogo, nyekundu mbichi, zenye umbo la kibanio. Akauliza kwa upole ni nani aliyeiharibu wiki hii. Ukumbi mzima ukanigeukia, hata wasionijua.

Shangazi alimwinamia mthamini kwa shukrani, ndipo akanitazama.

"Baba hakutapeliwa," akasema. "Niliyetapeliwa ni mimi, nilipokukabidhi wewe."

Akaiacha picha mezani, akaondoka na Yasuyo. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimetafakari usiku kucha. Tusikuze mambo. Mlima upo, daraja lipo, kilichopungua ni rangi tu. Asubuhi nimenunua rangi za maji za watoto wa shule, na nyekundu imo. Yasuyo bado yuko kwa Shangazi, kwa hiyo hakuna wa kunishika mkono. Mtu aliyeweza kuuondoa wekundu wote ule, atashindwaje kuurudisha?