Malalamiko Kuhusu Mshono Alioshonwa Mke Wangu Bila Fundi Kushirikishwa

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Mheshimiwa, natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima hata kidogo. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya wazazi, mimi fundi cherehani mwenye duka lake na jina lake, kulalamikia mshono aliofanyiwa mke wangu jana baada ya kujifungua.

1. Sikushirikishwa. Damu ilipomwagika isikome, dawa na kukandwa tumbo visifue dafu, walimkimbiza chumba cha upasuaji. Nikajitokeza kueleza ujuzi wangu. Muuguzi akanijibu, "Baba, kaa pale, usitucheleweshe." Nikakaa pale.

2. Daktari, binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, alinieleza baadaye kwamba mfuko wa uzazi ulilegea ukagoma kujikaza. Ikabidi aupitishie uzi mbele na nyuma, auvute, aufunge, "kama ile mikanda ya suruali ya begani, baba." Mikanda hiyo naijua. Haishonwi bila kupima, wala haifichwi mahali ambapo mteja hataiona maisha.

3. Uzi wenyewe, kwa kauli yake, utayeyuka. Mheshimiwa! Mimi nikimshonea bwana harusi kwa uzi wa kuyeyuka, si nitahama mji?

4. Hili ndilo limenifika kooni. Damu ilipotakiwa, yangu haikulingana. Iliyolingana ni ya fundi wa duka la jirani, yule mnyang'anyi wa wateja wangu, aliyekuja mbio na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Sasa damu yake inazunguka nyumbani kwangu. Nikitaka kumsengenya, nimsengenye wapi? Mama mkwe ameshaanza kumwita "mwanangu".

Kwa hiyo naomba mshono ufumuliwe, urudiwe mbele yangu kwa uzi wa maana, na yule bwana arudishiwe damu yake yote.

Nisalimie wauguzi, wafagizi na mlinzi wa getini. Fundi jirani naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi mwenye uchungu,
Mume wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

Nyongeza: Mke wangu amefumbua macho sasa hivi. Amesema, "Wewe, acha kugombana na watu, njoo umshike mtoto." Tafadhali msifumue kitu. Jana pale benchini nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamkatia sanda ya kitambaa gani. Niliogopa, Mheshimiwa. Niliogopa sana.