Mkia Uliochipua Malukhu

Enyi wa Jinja mnaokunywa maji ya Nile, nanyi wa Mbale mnaoutazama mlima kila asubuhi kana kwamba mmeujenga wenyewe, sogeeni karibu, zimeni simu, nyamazisheni kuku, kwa maana nawaletea habari za vita ambavyo havikumwaga hata tone la damu, ila siki. Jemadari wake ni Yekosofati, mwalimu wa bayolojia, Bwana wa Hadubini Moja, Mlinzi wa Maabara Yenye Bomba Lisilotoa Maji.

Maabara hiyo, katika shule moja ya Malukhu, hapo Mbale, ilikuwa imezingirwa. Mkuu wa shule, Mama Gorreti, binti wa sajenti, aliyejifunza Kiswahili kambini kwa kusikiliza paredi, alikuwa akiitamani iwe ghala la ngoma za kwaya. Si mara moja Yekosofati alimwita aje kuona viumbe hai, na kila alipokuja alionyeshwa vumbi.

"Mwalimu, sikia," alimwambia mbele ya walimu wote. "Mimi nataka kuona kitu inatembea. Kama haitembei, hadubini inaingia kabati, ngoma inaingia maabara. Umesikia?"

"Nimesikia, afande," akajibu shujaa, wala hakuthubutu mtu kucheka.

Basi akafunga safari hadi Jinja, kwa Mama Kavita, mzazi wa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye nyuma ya nyumba yake palikuwa na bwawa la mayungiyungi lenye maji ya kijani kiasi cha kumwaibisha mwenye nyumba na kumfurahisha Yekosofati peke yake duniani. Humo uliishi mwani usioonekana kwa macho, kila mmoja seli moja tu, na kila seli ina mikia miwili ya kuogelea, ambayo vitabuni huitwa silia. Akajaza chupa ya soda. Lakini Mama Kavita hana desturi ya kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu.

"Chukua achari ya ndimu, Mwalimu. Siki yake kali, tumbo itaamka."

"Mama, nimekuja kuteka jeshi, nawe wanipa na posho ya jeshi! Vizazi na vizazi vitakutaja!"

"Vizazi irudishe chupa yangu tu. Ya kioo hiyo."

Njiani, hapo Busiu, jemadari akanunua mahindi ya kuchemsha, akayala kwa achari mpaka chupa ya kioo ikabaki tupu; kisha akaipangusa ndani kwa ganda la hindi, akaielekeza juani, akaitangaza kuwa safi. Falme zimeanguka kwa uzembe mdogo kuliko huo.

Saa ya kipindi ikawadia. Wanafunzi walikuwa wamekaa, kwaya imekwisha kupanga ngoma mlangoni, na viatu vya Gorreti vikasikika kwenye veranda. Yekosofati akaona haifai jeshi tukufu kupokelewa ndani ya chupa ya soda. Akalimimina kwenye chupa ya kioo, akachota tone, akatazama. Kila askari alikuwa ametulia tuli, mviringo, bila mkia, kama njegere sahanini. Ndipo harufu ya siki ilipompanda puani, akaelewa yote, kwani mwani huo ukiguswa na ukali hukatika mikia.

"Mwalimu, wamekufa?" akauliza Khainza wa dawati la mbele.

"Hawajafa, Khainza! Wamepokonywa mikia! Kimbia jikoni ulete magadi ya maharagwe!"

Magadi yakaja, yakanyunyizwa, ukali ukapoa, tone jipya likawekwa chini ya lenzi. Gorreti, aliyekuwa akihesabu ngoma mlangoni, akaingia.

"Iko wapi?"

Mikia huota tena, lakini inahitaji muda, na muda ndio ambao shujaa hakuwa nao. Akapanda juu ya kiti.

"Ewe Mama Mkuu! Kabla hujatazama, jua utazamacho! Mkia haujijengi, kwa maana hauna kiwanda. Kila protini hutengenezwa ndani ya mwili wa seli, ikapelekwa hadi kwenye shina la mkia, na hapo pana lango lisilopitisha kila mzururaji. Isiyo na alama yake hurudishwa!"

"Kama geti ya kambi," akasema Gorreti, na kwa mara ya kwanza akavuta kiti.

"Kambi kabisa! Iliyoruhusiwa hupakiwa kwenye treni, injini huikokota juu ya reli hadi nchani, mzigo ukashushwa, mkia ukarefuka. Kisha injini nyingine huirudisha treni shinani ikapakie tena."

"Treni inarudi?"

"Hurudi, Mama. Kila siku."

"Hapa Uganda?"

"Ndani ya tone hili!"

Akahubiri mpaka sauti ikamkauka, mpaka wapiga ngoma wakachoka kusimama. Hatimaye Gorreti akainua mkono, akainamia hadubini. Yekosofati aliogopa, nasema wazi. Nje ya chumba kile alikuwa mtu asiye na kiti mpaka aazimwe, na mle ndani alikuwa mtu kamili.

"Hakuna kitu," akasema Gorreti.

Mpiga ngoma wa mbele akainama kuinua ngoma yake.

"Ngoja. Hii moja inatetemeka." Akashika meza. "Inazunguka... Inaenda! Mwalimu, inaenda! Sasa imepita wapi?"

Akaifukuza kwa kusogeza kioo huku na huku, akaipata, akaipoteza, akaipata tena. Kisha, bila kuondoa jicho, akatoa amri iliyosikika hadi barabarani:

"Ngoma, geuka nyuma! Peleka ofisi yangu!"

Kengele ikalia, na hakuna mwanafunzi aliyepata zamu ya kutazama.

Basi vumeni, enyi vizazi mnaodaiwa chupa! Wengine waliteka miji. Huku kwetu kiumbe kisichofika hata unene wa unywele kilisogea kidogo upande wa kushoto, na majeshi ya kwaya yakarudi nyuma, na mkuu wa shule hadi leo hupokea wazazi akiwa amebanwa kati ya ngoma mbili. Historia na iandike kwamba siku ile, pale Malukhu, mzigo ulifika mwisho wa reli, na treni ikarudi.