Jinsi Ambrose Tuttle Alivyoipigania Barafu

Njooni, enyi wapishi na madobi, enyi wenye majumba na ninyi mnaoyafagia, mkae kitako mnisikilize mimi Hester Dunn, mpishi, niwasimulie siku aliyotoka Ambrose Tuttle, Simba wa Vifungo, tajiri wa vifungo vya nguo, bwana wa vyumba arobaini na suti nyeupe sitini, kwenda vitani kutafuta barafu.

Chanzo cha vita kilikuwa mapenzi. Miaka mitano alimpenda Bibi Lavinia Crane wa ng'ambo ya ghuba, akafanya karamu kila Jumamosi ili amwone, watu mia tatu wasioalikwa wakala kuku wake na kunywa pombe ya marufuku kwa vikombe vya chai, naye Lavinia asitokee hata mara moja. Hata Jumanne moja ya Julai, asubuhi, Lavinia akapiga simu.

"Nakuja leo saa sita mchana. Sitaki bendi, sitaki watu. Nataka sharubati ya limau yenye barafu. Nikiikuta ya moto nageuza gari, na usinipigie tena."

Sasa sikilizeni kosa. Kwetu Long Island kila nyumba huweka dirishani kadi yenye namba, ili muuza barafu akipita ajue wataka ratili hamsini au mia. Bwana wangu, akipamba nyumba kwa ajili ya mgeni, aliiona kadi ile akaona aibu, eti inamfanya aonekane maskini, akaing'oa kwa mkono wake mtukufu na kuweka maua. Sabatino muuza barafu akapita, akaona maua, akaenda zake.

"Bi Hester!" akanguruma shujaa saa sita kasorobo. "Barafu iko wapi?"

"Iko kwenye gari la Sabatino, bwana, inaelekea stesheni. Ulimwonyesha maua, ulitaka akuuzie mbolea?"

"Mtume dereva!"

"Dereva si umemtuma akalete zulia la kumkanyagisha mgeni?"

Ndipo akapanda juu ya kiti cha jikoni, akainua mkono. "Mimi niliyeanza na kifungo kimoja na sindano ya mama, leo nishindwe na maji yaliyoganda? Nipe kofia!"

"Unayo kichwani, bwana."

Akatoka mbio. Jua likamshambulia kwa majeshi yake yote, mbwa wa jirani akamvamia kwa nyuma na kuteka kipande cha suruali, naye, mtu aliyezoea kuvishwa hata soksi, akakimbia nusu maili akipiga mayowe mpaka farasi wa gari la barafu akasimama mwenyewe. Yaliyofuata Sabatino kaniapia kwa wanawe.

"Imebaki ratili tano, bwana mkubwa, na ni ya mwenye bucha. Yeye ana kadi. Wewe una nini?"

"Kuna mwanamke anakuja."

"Mwanamke! Si ungesema? Chukua, kimbia, mtu akikusalimia usiitikie!"

Akaifunga katika koti, akaikumbatia, wakapigana yeye na barafu njia nzima. Yeye akibana, barafu ikiteleza. Yeye akiongeza mwendo, barafu ikimtoroka kwa kupitia tumboni mpaka viatuni.

Saa sita na dakika kumi Lavinia alikuwa barazani, glasi ya sharubati ya moto mbele yake, funguo za gari mkononi. Nilikuwa nimemaliza porojo zangu zote, mpaka za binamu yangu aliyemezewa pete na bata. Akasimama aondoke, na roho yangu ikauma kwa ajili ya yule mpumbavu. Mara shujaa akaibuka langoni, akapanda ngazi, akafungua koti. Palikuwa na kipande cha ukubwa wa yai la njiwa.

"Umekimbia mwenyewe?" akauliza Lavinia.

"Mwenyewe."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Na mbwa."

Lavinia akamtazama. Uso ulikuwa umeiva, masharubu yanadondoka maji, suruali haina nyuma.

"Hebu keti wewe, usije ukanifia hapa."

Akaichukua ile barafu, asiitie katika glasi. Akamgandamizia kwenye paji la uso, taratibu, mpaka ikaisha yote ikichuruzika puani. Kisha akainua sharubati yake ya moto, akainywa mpaka chini, akakunja uso.

"Mbaya ajabu," akasema. "Bi Hester, niongezee. Na huyu naye mpe."

Basi na iandikwe katika vitabu vya falme kwamba Jumanne hiyo, saa sita na robo, Ambrose Tuttle alishinda. Na chini yake, kwa herufi hata zikiwa ndogo, iandikwe kwamba malimau aliyakamua Hester Dunn.