Jumba la Sultani Nyuma ya Soko

Jamaa zangu wa Korogwe, leo nimeaibika, na shahidi ni lori zima. Naandika hapa Segera, tumepata pancha. Wenzangu wamekaa upande ule wa lori wanacheka. Mimi niko upande huu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena.

Mnajua nafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji cha ujamaa huku Handeni. Mnajua pia nimemposa Saumu. Msilolijua ni kwamba mama yake ni mwanafunzi wangu, wa mwisho darasani, na wajomba wameniambia neno la mwisho ni lake. Kila siku namwambia polepole, mama, herufi moja moja, usiwe na haraka. (Mkwe huyo, ningemwambia nini kingine?)

Basi mwaka huu kijiji kimevuna vizuri, mwenyekiti akasema twende Pangani tukaone bahari na mambo ya kale. Akauliza nani anapajua. Mama Saumu alikuwa ananitazama. Nikasema nimekaa kule miaka miwili. (Nilikuwa sijawahi kuvuka Hale.)

Tukaondoka alfajiri kwa lori. Tulipofika, mzee mmoja akaniuliza kama mto ule ndio huu unaopita Korogwe. Nikasema hapana, ule ni mwingine kabisa. Mwenye kivuko akasema ni huo huo. Nikacheka kama mtu aliyekuwa anawapima akili.

Hapo ningenyamaza. Lakini Mama Saumu akauliza kwa heshima zake, "Mwalimu, sultani alikuwa anakaa wapi?"

Jamani! Nikazungusha macho. Nyumba nzuri zote zilikuwa na watu barazani, na mwenye nyumba anaweza kukuumbua. Nikaona jengo moja nyuma ya soko, limepakwa chokaa, mlango wa tao, kimya. Nikasema, "Pale."

Nikawaongoza. Nikawaambia wavue kandambili. Nikawaeleza kuwa hapo watu waliingia asubuhi mmoja mmoja, kila mtu na shida yake, na hakuna aliyetoka bila kuridhika. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu mwenyewe.) Mwenyekiti akavua kofia. Wengine wakagusa ukuta. Harufu niliisikia, lakini nilidhani ndiyo bahari.

Mama Saumu hakugusa ukuta. Alikuwa anatazama juu ya mlango, kwenye maandishi yaliyofifia, midomo inacheza. Ndipo na mimi nikatazama juu. Nikasema twendeni tukaone kivuko tena, lakini hakuna aliyesogea. Mwenzao alikuwa anasoma.

"Cho," akasema. Akapumua. "O."

Watu wakainua vichwa.

"Cha. Wa. Na. U. Me."

Mlango ukafunguliwa. Akatoka bwana mmoja anafunga mkanda. Akatukuta watu thelathini tumesimama peku, mwenyekiti kofia mkononi. Akampa shikamoo mwenyekiti, akaenda zake. Na kweli alionekana ameridhika.

Darasa zima likampigia makofi Mama Saumu. Alikuwa hajawahi kusoma maneno matatu mfululizo tangu aanze. Nilifurahi, wallahi, kama mwalimu. Kama mkwe, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njia nzima hakunisemesha. Mwenyekiti alijaribu kunitetea, akasema kila mtu hukosea, watu wakaanza kucheka upya. Tulipopata pancha hapa ndipo Mama Saumu akaja kuniomba karatasi na penseli. Nikamwuliza za nini.

"Ya mdomoni nimeyaona leo, mwalimu," akasema. "Jibu la Saumu nitakuandikia."

Sasa amekaa kwenye jiwe, ameinamia karatasi. Gurudumu limeshafungwa na dereva anapiga honi. Nimemwendea mara mbili kumwuliza kama amekaribia kumaliza. Msicheke. Amenijibu herufi moja moja, nisiwe na haraka.