Injini Mbili za Mimosa

Jumatatu, 2 Septemba

Mimosa amekata roho. Njia ya Verzuolo, katikati ya mashamba ya mapichi, mbele ya watu. Kwanza moshi wa buluu. Kisha mlio kama vijiko ndani ya sufuria. Kisha kimya. Mzee mmoja wa baiskeli akanipita taratibu na kuniuliza kama nachoma nyama.

Kwa atakayesoma haya nikishakufa: Mimosa ni gari langu la michezo, la mwaka 1966, viti viwili, rangi ya njano. Mke wangu Ornella humwita mke mwenza.

Nimevutwa hadi gereji ya Ivana. Amefungua injini, akamulika ndani kwa tochi, akapiga mluzi. Ringi ya pistoni imevunjika na kuchimba ukuta wa silinda. Akasema njia ni mbili. Kuijenga upya injini ile ile: silinda ikachongwe Torino, vipuri visubiriwe, labda ifikapo Krismasi. Au kuweka nyingine: anayo moja ya gari la familia la milango minne, ndugu wa Mimosa upande wa kiwandani. Hiyo siku chache tu, na Mimosa barabarani.

Nikamwambia nahitaji muda wa kutafakari. Akasema nitafakari upesi, gereji yake si wodi ya wagonjwa.

Jumanne, 3 Septemba

Tatizo lenyewe ni hili. Jumapili ya tarehe 15 klabu yetu ya magari ya zamani inapanda kilele cha Sampeyre. Pale juu ndipo nilipomposa Ornella. Mwaka huu ndoa yetu inatimiza miaka arobaini. Tumejaribu kurudi pale mara tatu na Mimosa. Mara ya kwanza alichemka. Mara ya pili tulirudishwa na lori la maziwa. Mara ya tatu Ornella alisukuma.

Leo wakati wa chakula ameweka uma chini na kusema hataki pete wala safari ya Venezia. Anataka kukaa juu ya lile jiwe, ale mkate wake, atazame bonde. Akasema: "Amedeo, weka injini hata ya mashine ya kukatia nyasi. Mimi nataka kufika."

Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatano, 4 Septemba

Kwa upande mwingine yuko Fausto.

Fausto ni mdogo wake Ornella, shemeji yangu na mwenyekiti wa klabu. Ana gari kama Mimosa, ila jekundu, na sharubu zilizochanwa na kung'arishwa kama gari. Kila mwaka hunyakua kombe la Gari la Asili. Ili ulipate, namba iliyogongwa kwenye injini lazima iwe ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Mkaguzi ni Fausto mwenyewe, na tochi yake.

Nimemkuta baa, akikoroga kahawa. Habari alikuwa nazo tayari. Akaniambia kwa huruma ya kuudhi: "Shemeji, ukiweka injini ya gari la milango minne, utakuwa unaendesha teksi iliyovaa nguo za harusi."

Watu wakacheka. Mwenye baa alicheka hata kabla ya sentensi kuisha.

Nikajibu kwa sauti nzito kwamba naijenga upya injini ya asili, na itakuwa tayari kwa tarehe 15. Nikaondoka nimenyoosha mgongo. Nyumbani nikamwambia Ornella naweka injini nyingine. Akanibusu kwenye paji la uso.

Fausto ameridhika. Ornella ameridhika. Sioni kwa nini watu husema maamuzi ni magumu.

Alhamisi, 5 Septemba

Mpango umekamilika. Ni mzuri kiasi kwamba nimeuandika mara mbili.

Ivana ataweka injini ya gari la familia. Ornella atafika kileleni. Ile ya asili nitaichukua, niifiche, na kuijenga mwenyewe polepole majira yote ya baridi. Mwezi wa Aprili tunabadilisha. Hakuna atakayejua. Nitakuwa nimechagua vyote viwili.

Ivana akaniuliza kama nimewahi kujenga injini. Nikamkumbusha kwamba nimekuwa na duka la miwani miaka thelathini na tano, na kwamba skrubu za miwani ni ndogo zaidi. Akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Sawa, mzee. Injini ni yako."

Swali la maficho. Nyumbani haiwezekani, Ornella husikia hata nikifungua kabati. Lakini mama yake, Palmira, ana chumba cha chini kilichojaa magaloni ya divai na mitungi ya nyanya. Ana miaka themanini na saba, na baada ya chakula hulala kama gogo. Alasiri tumeshusha injini kwa toroli, mimi na Ivana. Nimeifunika kwa kitambaa cha meza chenye maua. Ukiwa mbali ungedhani ni keki.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeanza kazi. Nimevua kifuniko cha juu, boliti nimezipanga ndani ya mitungi ya jemu. Maendeleo makubwa. Boliti moja imeanguka nyuma ya galoni la divai ya Barbera na haijaonekana tena. Nadhani haikuwa muhimu.

Mama mkwe akashuka bila viatu. Nikafunika injini kwa kitambaa na kumweleza kwamba ni kikamulio cha zabibu cha aina mpya. Akakizunguka. Akainama.

"Macho yangu mabovu, mwanangu," akasema. "Pua yangu nzima."

Akachukua mtungi wake wa nyanya akapanda. Sikupenda ile "mwanangu".

Jumatatu, 9 Septemba

Ivana amemaliza. Nimemjaribu Mimosa hadi Manta na kurudi.

Amewaka mara moja. Hakutoa moshi. Kwenye mlima amepanda bila kulalamika, na nilipofika nyumbani mikono yangu haikunuka chochote. Nimehuzunika sana. Analia kama cherehani.

Ornella amekaa kiti cha pembeni, gari limesimama na injini ikinguruma, akafumba macho. Akasema mlio huo ndio mlio wa kufika. Nikainua boneti kuitazama namba. Imekaa mahali pa wazi kabisa, kubwa, safi, ya gari la milango minne.

Jumanne, 10 Septemba

Injini imetoweka.

Nimeshuka chini baada ya chakula, na palipokuwa na injini pana duara la oili, na kitambaa cha maua kimekunjwa vizuri. Mitungi ya jemu ipo, imeoshwa. Boliti hazimo.

Nikapanda kumwuliza mama mkwe. Alikuwa akimenya maharage. Akaeleza kwa utulivu kwamba asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na kipaza sauti chake. Divai ilikuwa inaanza kunuka petroli. Basi akampa kile kikamulio, pamoja na jiko la zamani na kitanda cha marehemu mumewe. Kijana wa watu alifurahi sana, akambebea na mifuko.

Ningesema nini? Nilishamwambia ni kikamulio.

Nimekimbilia uwanja wa chakavu karibu na daraja. Jiko lipo. Kitanda kipo. Mwenye uwanja akasema injini imeshanunuliwa. Mteja alikuja na gari jekundu la viti viwili, likivuta trela. Mwanamume wa sharubu, hupita pale kila wiki kutafuta vipuri. Alifuta ubavu wa injini kwa leso, akasoma namba, akacheka peke yake.

Nimekunywa maji mengi.

Alhamisi, 12 Septemba

Fausto kimya. Hii ni mbaya kuliko akisema.

Jana alikuja kumrudishia Ornella sahani ya keki. Akala mapichi yetu mawili. Akaniuliza ujenzi unaendeleaje. Nikasema umekwisha na umekwenda vizuri mno. Akasema anafurahi kusikia hivyo, akajifuta sharubu kwa leso. Leso yenyewe ilikuwa na doa la oili. Alihakikisha nimeliona.

Usiku usingizi haukuja. Alfajiri mpango ukaja badala yake. Nimechanganya grisi na masizi ya dohani na kuipaka namba ya injini, tabaka nene, kama uchafu wa miaka mingi. Nimesimama mbali kidogo kuitazama. Inaaminika kabisa. Tatizo ni kwamba sehemu nyingine yote ya injini inang'aa. Basi nikapaka kila mahali.

Ornella akauliza kwa nini shati langu limekuwa jeusi. Nikasema nasafisha.

Jumapili, 15 Septemba

Nataka kuandika siku hii kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi, ukaguzi uwanjani. Magari ishirini hivi. Mwalimu Bruna, aliyetufundishia watoto wetu wote, na kigari chake cha kijivu chenye kasi ya mkokoteni na injini ile ile ya kiwandani. Fausto akaja kwa Mimosa, koti jeupe, tochi mkononi. Akainua boneti. Akaitazama ile grisi. Akatoa leso mfukoni.

Ornella alikuwa pembeni yangu, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, kile alichovaa siku ile niliyomposa. Sikujua kama bado anacho. Fausto akamwangalia dada yake. Akaangalia kitambaa. Akairudisha leso mfukoni.

"Asili," akamwambia karani wa klabu. Kisha akaninong'oneza, "Tutaongea juu."

Tukapanda. Kona baada ya kona, misitu, kisha majani matupu na ng'ombe. Mimosa hakuchemka. Hakukohoa. Ornella alianza kuimba karibu na kijiji cha Becetto na hakunyamaza hadi mwisho wa barabara. Mimi nilikuwa nasikiliza injini, nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Kileleni mawingu yalikuwa chini yetu. Lile jiwe lipo. Ornella akatandika leso, akakaa, akafungua mkate wake wa salami. Hakuula. Akanishika mkono na kusema polepole, "Tumefika, Amedeo." Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta. Mimi niliyafuta ya kwangu kwa mkono wa koti. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Fausto akanivuta kando. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Hakuyahitaji. Alisema injini yangu iko kwake. Aliinunua ili aniaibishe leo, mbele ya klabu. Aliiweka gerejini kwake usiku ule, akakaa nayo.

"Tukatazamana, shemeji. Mimi na injini yako. Halafu nikakumbuka ya kwangu."

Ya kwake ilipasuka kwa baridi miaka tisa iliyopita, wakati mtoto wake alipokuwa mgonjwa naye hakuwa na nafasi ya kufikiria magari. Aliweka injini ya gari la milango minne. Ya muda tu, alisema. Makombe yote tangu hapo ameyapokea na cherehani ndani.

Nikamwambia lakini mlio wake ni mzuri.

Wakati wa kombe ulipofika alipanda juu ya kreti ya bia na kutamka mbele ya wote kwamba gari lake halistahili, na halijastahili kwa miaka tisa, na kwamba anaomba radhi. Mwenye baa akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Nilivutiwa naye sana. Nilifikiria kumfuata. Nilikuwa bado nafikiria karani aliposoma kwamba, kwa kuwa Fausto amejitoa, kombe linakwenda kwa Mimosa.

Nikalipokea. Mikono ilijinyoosha yenyewe.

Fausto alitazama milima. Ornella akaja, akaninyang'anya kombe bila haraka, akampelekea Mwalimu Bruna. Akawageukia watu: "Injini ya mume wangu ina siku sita humo ndani. Ya kwanza alimfichia mama yangu kwenye divai."

Kumbe alijua habari ya maficho tangu Jumanne. Mama yake alimpigia simu kabla hata chuma hakijafika kwenye mizani. Watu walicheka hadi ng'ombe wakageuka. Mwalimu Bruna akasema mimi sikuwahi kuwa mwanafunzi wake darasani, na sasa anashukuru.

Njiani tukishuka Ornella alikula mkate wangu. Nilimwuliza kama amekasirika. Akafikiri hadi kona ya tatu. "Nimefika," akasema. "Nyinyi na namba zenu, nendeni mkacheze karata."

Jumatano, 18 Septemba

Siku tulivu. Fausto ameileta injini kwa trela, pamoja na boliti zote, ila ile moja, ndani ya soksi. Tumeiweka chini ya ngazi. Ornella ameruhusu, kwa sharti kwamba Mimosa aachwe alivyo na hakuna siri tena ndani ya nyumba hii. Nimekubali. Nimefikiri sana wiki hii kuhusu ukweli, na nauona umuhimu wake.

Kuna jambo dogo tu. Ivana ametaja, juu juu tu, kwamba karibu na Asti kuna gari la kijani, mwaka ule ule, limelala ndani ya banda la kuku. Halina injini kabisa. Ndugu msomaji, nakuomba ulione hili kwa utulivu kama nilivyoliona mimi. Gari lisilo na injini haliwezi kuleta ubishi wa kujenga au kubadilisha. Na sisi tuna injini isiyo na gari. Amani kila upande.

Fausto ameona hivyo hivyo. Tunaondoka kesho alfajiri. Ornella tumemwambia tunakwenda kutafuta uyoga, na Fausto amebeba vikapu viwili ili isiwe uongo.

Tunakwenda kuliangalia tu. Kamba ya kuvutia nimeiweka kwa tahadhari.